Maziwa Uliyoyaonja Mbele ya Watu

Mama yangu,

Najua hukupenda barua. Hukujua kusoma, na kila bahasha iliyofika nyumbani kwetu Nyamirambo uliishika kwa ncha za vidole, ukampelekea jirani aisome, nawe ukasimama mlangoni umeziba sikio moja. Ulisema barua hazijui kuleta harusi, zinaleta misiba tu. Hii usiiogope. Msiba uliomo ni wako mwenyewe, na huo umeshaujua.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya marehemu Baba, kwa sababu ndiyo tuliyogombana kwayo na kuchekeana kwayo. Baba aliitoa Ujiji pamoja na spana zake za ufundi wa magari, na alipotutoka akatuachia vyote viwili. Spana ulizigawa. Lugha ukaishika kwa namna yako ya watu wa kilima cha Kagugu, ukanilea nayo.

Nimeitwa kuimba tena, Mama. Jumamosi hii, katika ukumbi ule ule. Sijapanda jukwaa lile tangu siku uliponifuata juu yake. Nilikubali haraka, kabla sijafikiri, na tangu hapo usingizi umenihama. Mji huu haujasahau. Juzi nilikuwa sokoni nachagua nyanya, muuzaji akanikazia macho, akasema, "Si wewe yule wa amata?" Yule wa maziwa. Hilo ndilo jina langu Kigali nzima, wala hakuna anayekumbuka kwamba siku ile niliimba nyimbo kumi na mbili. Niliziacha nyanya pale pale nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa, na nilipofika nikaona aibu ya pili, kwa kuwa ningeweza kumjibu kitu na sikujibu.

Basi acha niseme nawe kwanza.

Unakumbuka bango? Miaka yote ile nilikuwa nyuma, sauti ya tatu katika orkestra ya hoteli, nikisema "uuu" na "aaa" nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Kiongozi wetu alipohamia Ubelgiji, Gaspard promota akaja kwetu na viatu vyake vya kung'aa, akasema sasa ni zamu ya Zaina. Miji minne: Gitarama, Butare, Cyangugu, tumalizie hapa Kigali. Ruhengeri haikuwezekana kwa sababu ya vita. Jina langu juu kabisa, peke yake, na chini yake maneno "Sauti ya Soul". Ulimuuliza soul ni kitu gani. Akakueleza kwamba ni muziki wa roho, ule ambao mwimbaji analia, anatoka jasho, hata anapiga magoti. Ukasema, "Kama kanisani?" Akasema, "Karibu." Ukatikisa kichwa kwa mashaka, kisha ukamwomba bango moja.

Nilipoamka asubuhi nilikuta umelibandika ndani ya mlango wa kabati, si nje, ili wageni wasiseme tunajigamba. Na ulikuwa umechukua kalamu ya bluu, ukanichorea mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulisema, "Hii gauni iko na aibu kuriko wewe. Ilikimbia mabega." Bango lile ninalo bado. Mikono ya bluu imefifia kidogo.

Sasa kuhusu kula. Wasiokujua wataona ni jambo dogo. Kwako lilikuwa nusu ya utu. "Mutu wa heshima hakuri mu njia," ulisema. "Anakura kwake, mulango umefungwa." Kwenu Kagugu ndivyo mlivyolelewa: kinywa kinachotafuna hakionyeshwi, na njaa haitajwi. Mgeni akibisha hodi tukiwa tunakula, sufuria iliingia chini ya kitanda kabla sijameza. Tuliwahi kumpokea padri mashavu yangu yamejaa viazi vitamu, nikamwitikia baraka zake kwa kichwa tu mpaka alipoondoka. Na mtu akilazimika kunywa mbele ya wengine, wazee wa kwenu wanageuza macho pembeni, wamwachie nafasi. Nilikua nikidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Ndani ya basi dogo la Gaspard nikagundua kwamba sivyo. Wapiga vyombo walikuwa vijana wenye matumbo yasiyo na haya. Kila penye moshi wa mishikaki gari lilisimama. Kila kizuizi cha askari, wakati vitambulisho vinapekuliwa, wao walikuwa wanatafuna mahindi ya kuchoma. Walinipa, nikasema nimeshiba. Nilikuwa sijala tangu kwako. Nikitazama nje dirishani nikawa nasikia sauti yako, na kusema kweli nilijiona bora kuliko wao. Mimi nilikuwa binti wa mtu.

Butare walituandalia meza ukumbini, watu wamejaa pembeni wakitungojea tule. Wali, ndizi, mbuzi. Macho yote kwangu, jina la juu kwenye bango. Nilikunywa Fanta nusu nikasema asante. Onyesho lilikuwa la mchana, kama yote ya siku zile, kwa ajili ya amri ya kutotembea usiku. Jua lilipenya kwenye mabati. Nilipofika kwenye wimbo wa mwisho, ule wa mwanamke anayemwomba mumewe asiondoke, magoti yakaniishia. Nilisikia ubao wa jukwaa kwenye shavu langu. Nikasikia pia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikisema "uuu" na "aaa": ukumbi mzima umesimama unapiga makofi.

Waliona ni muziki, Mama. Si waliambiwa soul inapiga magoti?

Gaspard alinipokea nyuma ya pazia kama mtu aliyeokota dhahabu. "Formidable! Ile ya kuanguka tutaiweka kila siku!" Nikamwambia sikuweka kitu, nilizimia. Akacheka. Akasema msanii mkubwa hafichui siri zake. Nilimkatalia, na Cyangugu niliimba nimesimama kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini habari zilikuwa zimevuka msitu wa Nyungwe kabla yangu, bila mimi kujua. Nyuma ya ukumbi wakapaza sauti, "Anguka! Anguka!" Nilipoinama kuaga bila kuanguka, wengine walizomea. Usiku huo nililala nimeona haya kwa kitu ambacho sikukifanya, na hiyo ni haya ya ajabu, haina mahali pa kuishika.

Halafu Kigali. Siku ile asubuhi ulinijia chumbani umeshavaa mushanana, vazi lako la harusi, ule wa rangi ya maziwa ya jana, begani umeufunga kwa fundo uliloanza kulifunga tangu alfajiri. Hukuwahi kuniona nikiimba. Hata mara moja. Hotelini ulisema si mahali pako. Ukaniuliza swali lako la kila siku, lile ulilouliza nikitoka na nikirudi, tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Umekura leo?"

"Nimekula, Mama."

Sikuwa nimekula. Asubuhi woga haukuniruhusu, na baadaye kule ukumbini chakula kililetwa jukwaani, mafundi wa taa wanaingia na kutoka, mwandishi wa redio amekaa mbele yangu na mashine yake. Nilisema nimeshiba. Wewe asubuhi ile chumbani ulinitazama tu kama unavyotazama maharage kabla ya kuyanunua. Sasa naelewa kwamba hapo ndipo ulipokwenda jikoni kujaza chupa ya chai.

Uliketi safu ya pili. Nilikuona kwa sababu ni wewe peke yako uliyekaa mgongo umenyooka, chupa imefungwa kitenge mapajani, kama uko kwenye benchi la zahanati unangoja kuitwa. Niliimba vizuri, nadhani. Nilikuimbia wewe. Mpaka ule wimbo wa mwisho, na jasho likageuka baridi, na taa zikaanza kuwa mbili mbili. Nilijua kinachokuja. Nilijishika kwenye kipaza sauti, kikaanguka nami.

Makofi, Mama. Watu mia ngapi sijui, wote wamesimama, wanapiga miluzi, "Yee Zaina!" Niko chini nasikia miguu yao inagonga sakafu. Gaspard kando ya pazia anainua kidole gumba. Mpiga besi anaendelea kupiga. Hakuna hata mmoja aliyeniona. Kisha nikasikia viatu vyako vya plastiki kwenye ngazi za mbao.

Ukumbi mzima ulikuwa unashangilia na wewe peke yako ulijua. Ulisimama katikati ya taa zile, mdogo, mushanana umekukaa vyema, ukawageukia. Kipaza sauti kilikuwa chini karibu nami, kikachukua kila neno.

"Acheni makofi! Huyu mutoto iko na njaa! Si muchezo, iko na njaa!"

Wakacheka. Ee Mungu, walivyocheka. Walidhani na wewe ni sehemu ya mchezo, kizee kilichopangwa na Gaspard. Wakapiga makofi zaidi. Ukachuchumaa, ukafungua chupa, ukamimina maziwa ya moto kwenye kifuniko. Mimi nilikuwa nimefumba midomo. Uliona nimeifumba, ukajua kwa nini, maana ni wewe uliyenifundisha kuifumba. Basi ukafanya kile ambacho anayetoa kinywaji kwetu hufanya: ukaonja kwanza. Wewe. Mwanamke ambaye majirani wa miaka ishirini hawakuwahi kumwona akimeza hata dawa. Uliinua kifuniko mbele ya ukumbi uliojaa, ukanywa, koo likapanda na kushuka, wote wanakutazama. Ukanigeuzia kile kile.

"Kunywa, mwana wanjye. Nimeonja."

Nami nikasema, na kipaza sauti kikasikia: "Mama, shuka. Unaniaibisha."

Nikausukuma mkono wako. Maziwa yakakumwagikia kifuani, kwenye mushanana wa harusi yako.

Sina haja ya kukuambia hayo kama habari, ulikuwepo. Ulikaza kifuniko kwenye chupa, ukakizungusha mpaka mwisho, taratibu, ukashuka ngazi peke yako huku umeshika ukingo. Watu wote walikuwa wakikukodolea macho isipokuwa mzee mmoja wa safu ya mbele, mwenye kofia ya pama magotini, ambaye tangu ulipoinua kile kifuniko alikuwa ametazama ukutani. Alisimama kukupisha bila kukutazama. Na mimi, kwa hasira na fedheha, nikainuka. Nikaumaliza wimbo. Wanasema sijawahi kuimba vile kabla wala baada ya siku ile. Ni kweli, nilijisikia mwenyewe. Kwa hilo mpaka leo silisamehe koo langu.

Ulichokitoa siku ile sikukielewa mpaka baadaye sana. Nilidhani ulinivunjia heshima yangu. Kumbe uliivunja yako. Mwanamke wa Kagugu hasemi kwamba kwake kuna njaa, hata kama chungu kina wiki mbili hakijaona moto, na wewe ulitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mtoto wako hajala. Mji ukasikia kwamba kwa mama Zaina hakuna chakula. Mwaka wenyewe ulikuwa wa vita, wakimbizi wa kaskazini wanalala pembezoni mwa mji, neno njaa halikuwa neno la mchezo. Watoto wa mtaani kwetu wakawa wanaimba "iko na njaa" ukipita. Jirani mmoja, kwa wema au kwa kuchokoza, akakuletea bakuli la unga. Ulilipokea kwa mikono miwili ukashukuru. Nilikuwa nyuma ya mlango nikakuona ulivyoshukuru.

Baada ya hapo ukaacha kwenda sokoni. Ukasema miguu inauma.

Nilikununulia mushanana mpya, wa hariri. Kuomba msamaha kwa mdomo kulinishinda, nikaomba kwa kitambaa. Uliutandika kitandani, ukaupapasa. "Nzuri," ukasema. "Rakini ile ya zamani imetakata. Nimefua." Ukaukunja mpya ukauweka kabatini, nyuma ya bango langu lenye mikono ya bluu. Mara moja tu ulitaja siku ile. Ulikuwa unachambua maharage, hukuinua kichwa. "Ungekunywa tu," ukasema. "Watu si warikwisha ona?" Nikajifanya nimeitwa nje. Presha ilipokuchukua, mvua za mwaka huu, nilikuwa bado sijarudi kutoka huko nje kukujibu.

Nitaendelea kesho.

*

Leo ni Jumapili, Mama. Sikuendelea kesho yake, wala kesho kutwa. Ijumaa nilimwendea Gaspard kumwambia sitaimba. Alikuwa anabandika bango jipya, nikakuta ameandika chini ya jina langu, kwa herufi nyekundu, "Njoo Umwone Akianguka". Sijui ni kitu gani kilinipata. Nilimwambia, "Nitakuja." Nikamwomba gundi, nikachana kipande cha gazeti, nikayafunika maneno yale mwenyewe. Akanitazama kama nimerukwa na akili.

Jana asubuhi nilifunga mlango. Nikapika viazi vitamu na maharage, nikala kwenye sahani yako mpaka nikaikwangua. Kisha nikachemsha maziwa, nikajaza chupa ile ile.

Ukumbi ulijaa. Watu wana furaha ya wasiwasi siku hizi. Wanasema amani imetiwa saini Arusha, wengine wanasema saini ni wino tu. Nililivaa gauni lenye mikono mirefu, ungelipenda. Niliiweka chupa juu ya spika ambapo kila mtu aliiona. Nikaimba. Nilipofika kwenye wimbo wa mwisho, nilikuwa nimesimama imara kabisa, wala hakuna taa iliyokuwa mbili, na wao wakaanza, kwanza mmoja nyuma kule, halafu wengi, wanacheka: "Amata! Amata!"

Niliinua mkono, wapiga vyombo wakanyamaza.

Nilikuwa nimejipangia hotuba, ikapotea. Nikaifungua chupa. Kifuniko kikagonga kipaza sauti. Nikasema, "Mwanamke aliyepanda hapa na maziwa hakuwa mchezo. Alikuwa mama yangu. Alisema nina njaa, na ilikuwa kweli. Lakini nyumbani kwake chakula kilikuwepo. Kila siku kilikuwepo. Mimi ndiye sikula."

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma mtu mmoja alianza kupiga makofi, wenzake wakamnyamazisha.

Nikamimina. Aibu ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni, Mama, ile uliyonilea nayo, haijapungua hata chembe. Nadhani nitazikwa nayo. Midomo ilitaka kufumba. Nilikumbuka koo lako likipanda na kushuka mbele ya watu wale, nikainua kifuniko.

Nilitazama chini kwanza, safu ya mbele. Wamama wa Nyamirambo walikuwa wameketi pale, wale wale waliosikia habari ya njaa ya nyumba yetu, na yule aliyekuletea unga alikuwa katikati yao. Aliinamisha macho. Wa pembeni yake naye akainamisha, na wa nyuma yao, safu baada ya safu, wanaume wamevua kofia wanatazama mapajani mwao, mpaka sikuona uso hata mmoja unaonielekea. Ukumbi mzima ulitazama pembeni, ukaniachia nafasi.

Nikanywa yote. Yalikuwa ya moto mno, niliungua ulimi, na wimbo niliumalizia hivyo hivyo.

Naiweka barua hii kabatini, kwenye mushanana wa hariri, maana posta haifiki ulipo na jirani wa kukusomea ni mimi tu. Jioni hii nimefunga mlango, nimesimama pale ulipokuwa unasimama, nimekusomea yote kwa sauti. Lala salama, Mama. Na lile swali lako la kila siku, ambalo nilikujibu uongo mara ya mwisho lilipokuwa na maana, nalijibu leo.

Nimekula, Mama.

Ni mimi, mtoto wako aliyekuwa na njaa.